Usiwaimbishe kwa nguvu, utawaharibia sauti

Simama hapo hapo, ndugu. Umeandika kwamba soprano wa kwaya yako, wale waimbaji wa kike wa sauti ya juu, wanakwama kwenye noti ya fa ya juu, unataka wafike noti ya la iliyo juu yake ndani ya wiki 2, na dawa yako ni kuwaimbisha kwa nguvu kila siku "mpaka koo lifunguke". Koo halifunguki hivyo. Nilifanya hayo hayo, nikamuumiza binti wa watu.

Alikuwa soprano wangu bora. Mimi nimetoka semina, mkufunzi katuapia kuwa sauti ni msuli, ukiulazimisha unakua. Basi kila jioni nampandisha nusu hatua, lile pengo dogo kabisa kati ya noti mbili: mishipa ya shingo imemtoka, kidevu kinanyanyuka, nami nasema "ongeza!" Wiki ya kwanza noti ya la ikatoka, kwaya nzima ikapiga makofi. Wiki ya tatu akaamka hawezi hata kuitikia salamu. Daktari wa masikio, pua na koo alimpitishia kamera puani, akatuonyesha vinundu viwili vinavyotazamana kwenye nyuzi za sauti. Alikaa miezi 5 bila kuimba. Yule mkufunzi alichukua hela zetu akaenda zake, na siku nzima ile hakugusia kinachotokea ndani ya koo. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Noti ikipanda, nyuzi hurefuka na kuwa nyembamba. Kwenye la ya juu ya soprano zinakutana mara 880 kwa sekunde moja. Sasa wewe uzikaze zikiwa nene, kwa sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, halafu uzisukumie pumzi kwa nguvu! Unazisaga.

Noti ambayo mwimbaji hawezi kuigusa kwa sauti ndogo bado si yake. Mpe mrija, avumishe sauti ndani yake ikipanda na kushuka kama king'ora bila kukatika, dakika 5 tu. Au aimbe "ng'" mdomo ukiwa umelegea. Kidevu kikinyanyuka, mrudishe noti ya chini. Nusu hatua moja ikichukua miezi 2, iache ichukue.

Uliyouliza kuhusu besi, wale wa sauti nzito ya kiume, na kuhusu pumzi, nitarudi kuyajibu, leo hili limenikaa rohoni. Na huyo mwimbaji uliyemtaja mwishoni, ambaye sauti inamkwaruza tangu Jumapili, usimwite mazoezini leo. Asiimbe, wala asinong'one, kunong'ona nako kunakaza koo. Wiki 3 zikipita bado anakwaruza, mpeleke akaangaliwe kwa kamera.