Maswali na majibu: Kiingereza kizito kutoka kwenye majumba ya hofu

Barua kadhaa zimeuliza kama riwaya za gothiki zinafaa kwa mtu anayetaka kupanda ngazi katika msamiati wa Kiingereza. Kwa asiyezijua: ni zile hadithi za makasri ya kale, siri za ukoo, maiti na hofu ya usiku. Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwaka 1764, na toleo la pili la 1765 akaliita "A Gothic Story". Jina likashika. Zinafaa, tena sana, kwa sababu mwandishi wa gothiki anaishi kwa kujenga hali. Neno moja la huzuni halimtoshi. Atakupa "gloomy", "dreary" na "dismal" ndani ya kurasa chache, na wewe utaona kila moja linakaa wapi.

Nilianza na Frankenstein nikakwama kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Nianze na kipi? – Msomaji, Kigoma

Kitabu si kibaya, ila zamu yake haijafika. Frankenstein ya Mary Shelley inaanza na barua nne za msafiri Walton, anayeelekea Ncha ya Kaskazini, akimwandikia dada yake. Msomaji anamsubiri yule kiumbe aliyeundwa na Frankenstein, na kiumbe hafumbui jicho mpaka sura ya 5. Wengi huchoka kabla ya hapo. (Hiyo ni hesabu ya toleo la 1831. Toleo la kwanza la 1818 lilikuwa na mabuku matatu, na kila buku lilianza kuhesabu sura upya. Kama mnasoma wawili, hakikisheni mna toleo moja, la sivyo mtagombana bure.)

Anza na The Tell-Tale Heart ya Edgar Allan Poe (1843), yenye maneno yapata 2,200, unayoweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Kisha The Fall of the House of Usher (1839), ambayo ni ndefu mara tatu na ushei. Baada yake Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde ya Stevenson (1886), maneno kama 25,000. Hapo ndipo urudi kwa Shelley. The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe (1794) iache kwanza: ina karibu maneno 300,000, na sehemu kubwa ni milima na machweo.

Kabla ya kuanza kitabu chochote, kipime. Fungua katikati, si mwanzoni, hesabu maneno 100, kisha hesabu usiyoyajua. Yakiwa 2 au chini, soma kwa raha. Yakiwa 3 hadi 5, soma na penseli mkononi. Yakizidi 5, kiweke kando kwa miezi michache. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili kuelewa hadithi bila msaada, msomaji wa kawaida anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yake, yaani asikwame zaidi ya mara moja katika kila maneno 50.

Ninaandika maneno mapya 30 kwa siku kwenye daftari na maana zake. Baada ya wiki sikumbuki hata 5. Nakosea wapi? – Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

Pawili. Maneno ni mengi mno, na umeyaandika yakiwa yatima, bila sentensi yaliyozaliwa humo. Punguza hadi 5 kwa kikao, vikao 3 kwa wiki. Kwa mwezi utakuwa na kama 60, na hayo yatabaki.

Tuchukue The Tell-Tale Heart. Isome mara tatu, siku tatu tofauti. Mara ya kwanza usiguse kamusi. Weka nukta ya penseli chini ya kila neno usilolijua na uendelee. Anayefungua kamusi kila mstari hupoteza uzi wa hadithi, na neno lisilo na hadithi halina pa kushikia. Mara ya pili soma huku ukisikiliza rekodi. Mara ya tatu ndiyo ya kamusi, na hapo chagua tu neno linalorudi tena au linaloziba maana.

Tazama "dissimulation". Karibu na mwanzo muuaji, ambaye ndiye msimulizi, anajisifu kwamba alifanya kazi yake "with what caution—with what foresight—with what dissimulation". Usikimbilie kamusi. Sentensi inayofuata inasema hakuwahi kumtendea yule mzee wema kama wiki nzima kabla ya kumuua. Tayari maana umeipata: kujitia hamnazo, kuvaa uso usio wako. Sasa nenda mwisho wa hadithi. Polisi wameketi katika chumba kile kile ilimofukiwa maiti chini ya mbao, wanatabasamu, na muuaji anapiga kelele: "Villains! dissemble no more!" "Dissemble" ni kitenzi, na maana yake ni hiyo hiyo. Yaani anawatuhumu polisi kwa kosa lile lile alilojivunia mwanzoni. Msomaji asiye na maneno haya mawili ataelewa kwamba jamaa amekiri, lakini utamu wenyewe utampita.

Katika kurasa hizo chache kuna pia "sagacity" (muuaji anajiona mwerevu), "suavity" (polisi wanajitambulisha kwa ulimi laini) na "audacity" (anaweka kiti chake juu kabisa ya pale alipomfukia marehemu, jeuri iliyoje). Yote ni nomino zenye "-ity". Ukijua "audacity" huzaa "audacious" na "sagacity" huzaa "sagacious", basi "tenacity", "veracity" na "voracity" hazitakusumbua utakapokutana nazo kwingine. "Suavity" tu ndiyo inayovunja safu: kivumishi chake ni "suave".

Kwenye daftari, kila neno lipewe mambo manne: sentensi nzima kama ilivyo kitabuni, maana kwa Kiswahili, ikiwezekana kwa nahau badala ya neno kavu, ndugu zake, yaani nomino, kitenzi na kivumishi, na mwisho herufi moja, T au E. T ni la kutumia, E ni la kuelewa tu. Katika hadithi za karne ya 19 tarajia E ziwe nyingi kuliko T, na hilo si hasara. Hata katika Kiswahili, "kupulika" la kwenye tenzi za kale unalielewa vizuri, lakini hulitumii ukiagiza chapati.

Rudia siku ya 2, ya 7 na ya 21. Ficha maana, soma sentensi, kisha itamke maana kwa sauti. Neno likikushinda mara mbili, lirudishe siku ya 1.

"Terror", "horror", "dread", "awe"... Kamusi yangu inaniambia zote ni "hofu". Kuna tofauti kweli? – Mfasiri, Mombasa

Ipo, na Kiswahili kina akiba ya kutosha kuionyesha. Tatizo ni kwamba kamusi ndogo huchota neno la juu tu.

Radcliffe mwenyewe alilijadili katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826, baada ya kifo chake. Kwake, "terror" hupanua roho na kuamsha akili, ilhali "horror" huikunja na kuigandisha. Kwa lugha ya nyumbani: umesikia hatua ghorofani na unajua uko peke yako, hiyo ni "terror". Umefungua mlango ukaona kilichokuwa kikitembea, mwili ukafa ganzi, hiyo ni "horror". Ya kwanza hutangulia kuona, ya pili huja baada ya kuona.

"Dread" ni hofu ya jambo unalojua linakuja, kama mtu anayesubiri matokeo mabaya ya hospitali. Hutumika pia kama kitenzi: "I dread going back". "Apprehension" ni nyepesi zaidi, wahaka. "Foreboding" ni pale machale yanapokucheza bila sababu ya kueleweka. "Trepidation" ni mchecheto unaoonekana mpaka mikononi. "Consternation" ni fadhaa ya kushtukizwa, mara nyingi ya watu wengi pamoja. Na "awe" ukiitafsiri kwa "woga" umeiharibu. Ni kicho, hofu iliyochanganyika na heshima, ile ya mtu mbele ya Mungu au mbele ya bahari iliyochafuka.

Shika pia vijineno vinavyoandamana nazo, maana hapo ndipo mitihani hukamata watu: "terrified of", "horrified by", "in awe of", "with trepidation", "a sense of foreboding".

Nilimwandikia bosi wangu Mwingereza kumshukuru kwa "condescension" yake, kama nilivyosoma kwenye riwaya. Hakufurahi. Kwa nini? – Msomaji, Muscat

Pole. Zamani neno hilo lilikuwa sifa, mkubwa kujishusha na kumtendea mdogo wema. Leo ni tusi la adabu: kumsemesha mtu kana kwamba hana akili. Ulimshukuru kwa dharau zake.

Maneno ya aina hiyo ni hatari kuliko magumu, kwa sababu unadhani unayajua. "Sensible of" kitabuni ni kutambua jambo. Leo "sensible" ni mtu wa busara. "Terrific" ilikuwa ya kutisha, sasa ni safi sana. "Want" mara nyingi ni kukosa, si kutaka: "for want of food". "Discover" huweza kuwa kumfichulia mwingine, si kugundua. "Singular" ni cha ajabu, si umoja wa sarufi. "Countenance" ni uso, lakini katika Kiingereza cha leo utalikuta zaidi kama kitenzi cha kuridhia jambo. Na mkikutana na "intercourse" kwa maana ya mazungumzo, au mtu aliye-"ejaculated" kwa maana ya kusema kwa mshangao, msicheke darasani wala msiyapeleke ofisini.

Kinga ni rahisi. Kamusi nzuri ya Kiingereza kwa Kiingereza huweka alama mbele ya maana: "archaic", "dated", "literary", "formal". Ukiona moja ya tatu za kwanza, neno ni E papo hapo.

Nina mtihani wa Kiingereza wa IELTS baada ya miezi mitatu. Nisome gothiki? – Muuguzi, Eldoret

Kidogo, na kwa kuchagua. Katika sehemu ya kuandika, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa, na msahihishaji anatazama maneno yasiyo ya kawaida *yakiwa mahali pake*. Insha ya maneno 250 kuhusu usafiri wa mijini yenye "behold" na "visage" inachekesha, haipandishi alama.

Chukua yale yanayosafiri. Msimulizi wa Poe anasema kwamba alipoliona tu jengo la Usher, "a sense of insufferable gloom pervaded my spirit". Acha "insufferable gloom" pale pale, beba "pervade": rushwa, harufu na uvumi vyote vinaweza "pervade" taasisi. Beba pia "ascertain", "conjecture", "incessant", "scrutinise", "avert", "inexorable". Kwa miezi mitatu, hadithi mbili za Poe zinakutosha. Muda uliobaki usome magazeti na ripoti.

Ninaelewa ninachosoma, lakini nikitamka watu wanashangaa. – Mwalimu, Bujumbura

Umeyajifunza kwa macho. Kiswahili kinatuharibu kwa wema: tunasoma kila herufi, na mkazo uko karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo tunasema "melanKOli", ilhali mkazo uko mwanzoni, "MElankoli". "Catastrophe" ni "kaTAStrofi". "Tomb" ni "tuum", b haisikiki. "Chasm" inaanza na k. "Gaol" ni "jeil", sawasawa na "jail". "Wretched" ina silabi mbili, "RECH-id", kama "wicked" na "naked", tofauti na "reached" yenye moja.

Katika sura ya 2 ya Dracula ya Bram Stoker (1897), Count Dracula mwenyewe anamweleza Harker, mgeni wake Mwingereza kasrini, kwamba Kiingereza anakijua kwa vitabu tu, na anamwomba amsahihishe hata kosa dogo la matamshi. Huna haja ya kumfungia mtu kasrini. Tovuti ya LibriVox ina rekodi za bure za vitabu. Sikiliza mistari 10, jirekodi ukisoma hiyo hiyo, linganisha.

Maswali ya haraka

*Dracula inafaa kujifunzia sarufi?* Sura 4 za mwanzo, shajara ya Harker, ndiyo. Usimwige Profesa Van Helsing: ni Mholanzi, na Stoker amempa Kiingereza kilichovunjika makusudi. Mzee Swales wa Whitby anaongea lahaja ya Yorkshire. Mruke bila aibu.

*Matoleo yaliyorahisishwa?* Yanakupa kisa, lakini maneno yaliyoondolewa ndiyo uliyoyafuata. Soma toleo jepesi kwanza, kisha la asili.

*Filamu je?* Kiumbe wa filamu ya Frankenstein ya 1931 hasemi. Wa kitabuni anahutubia kurasa kwa kurasa.

*Vitabu ni ghali.* Hivi vimetoka katika hakimiliki. Tovuti ya Project Gutenberg inavyo bure: Frankenstein ni namba 84, Dracula 345, Jekyll 43. Chagua faili la maandishi matupu. Halifiki hata MB 1.