Ukitaka watu wa mtaa wajitokeze kwenye usafi, anza na vikundi vilivyopo tayari

Naishi Kigogo, Dar es Salaam, kwahiyo ninachoandika hapa ni cha mtaa wa mjini wenye nyumba zilizobanana, wapangaji wengi, na mtaro unaoshuka mpaka bonde la Msimbazi. Huwa naulizwa sana hili swali, tunafanyaje watu watoke, maana tukitangaza usafi au siku ya kuchangia damu wanakuja wale wale, wengine wanachungulia dirishani alafu wanarudi kulala. Jibu langu siku zote ni moja: usiunde kikundi kipya. Usiunde kamati, usifungue grupu jipya la WhatsApp, usitafute jina zuri la taasisi yako. Nenda kwa watu ambao tayari wanakutana.

Mtaani kwako angalia vizuri. Kuna klabu ya jogging, kuna kijiwe cha bodaboda, kuna akina mama wa kikoba, kuna timu ya mpira ya vijana, kuna kwaya, kuna madrasa, kuna mama lishe na wateja wake. Hao wote wana mwenyekiti wao, wana mtu anayeshika hela, wana siku yao ya kukutana na kikubwa zaidi wanajuana, mtu akikosa anaulizwa yuko wapi. Kikundi kipya hakina hata kimoja katika hivyo, na ukikianzisha tu watu wanaanza kujiuliza huyu anagombea nini, hasa ikiwa uchaguzi wa serikali za mitaa umekaribia. Tulipiga kura Novemba 27, 2024, na miezi ile kabla ya kura hata ukifagia mbele ya nyumba yako watu wanahisi unatafuta uenyekiti wa mtaa, ndo ilivyo.

Kwa Dar hazina kubwa ni hizi klabu za jogging. Kwa msiokuwa wa huku, hawa ni watu wanaoamka Jumapili alfajiri, wanavaa fulana sare, wanakimbia barabarani wanaimba na kupiga makofi, Temeke na Mbagala ndo usiseme, na nyingi kati ya hizo klabu zina kawaida ya kuzikana, kutembelea wagonjwa na kuchangishana mwenzao akipata shida. Yaani moyo wa kujitolea tayari wanao, kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuongea na viongozi wao mapema wakubaliane kwamba Jumapili fulani mbio zinaishia mtaroni badala ya uwanjani. Ukifanikiwa hapo umepata watu walioamka, wamevaa viatu, damu imechemka na nyimbo wanazo, huna haja hata ya kukodi spika.

Jinsi ya kuomba pia ni kitu. Usiende kusema "tunaomba ushirikiano wenu", hiyo kila mtu anaitikia alafu hakuna anayejua afanye nini. Omba kitu kimoja kinachoeleweka. Bodaboda waambie, "Wanangu, naomba kuanzia saa moja mpaka saa nne mtufungie ile kona, magari yapite njia ya juu." Timu ya mpira waombe vijana wenye nguvu wa kushika machepe. Mama wa kikoba waombe wapite nyumba kwa nyumba Alhamisi na Ijumaa wawakumbushe akina mama wenzao, kwasababu tangazo la mama kwa mama linafika ndani, la spika linaishia barazani. Na mama lishe mlipe. Hili nalisisitiza kwasababu naona sehemu nyingi watu wanamwendea mama anayeuza chai na maandazi kwa mtaji mdogo kabisa wanamwambia achangie chai kwa ajili ya jamii, huyo ndo hela yake ya kesho ya unga, mlipe bei yake na atakuja na watu wake wote.

Mwenyekiti wa mtaa usimruke hata kama unaona hana msaada. Nenda nyumbani au ofisini, shikamoo kwanza, "Mwenyekiti nimekuja kukuomba baraka zako, tunataka kuzibua ule mtaro wa nyuma ya soko Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naomba na wewe uwepo." Alafu barua fupi ipite kwa mtendaji igongwe muhuri, kwasababu mwenyekiti amechaguliwa ila mtendaji ndo mwajiriwa na ndo anayeweza kukupeleka kwa afisa afya wa kata. Viongozi wa vyama wakitaka kuja waje, karibuni sana, ila waje na chepe na wavae nguo za kawaida. Fulana ya chama ikionekana pale nusu ya watu wa chama kingine hawarudi mwezi ujao.

Kuhusu siku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wamezoea kwamba ni siku ya usafi, na mazoea hayo yalipata nguvu baada ya Rais Magufuli kufuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 akataka siku hiyo nchi nzima ifanye usafi, kipindi kile kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Maduka mengine yanafunguliwa baadaye asubuhi ile kwahiyo inasaidia. Lakini mimi nawashauri mfuate mvua kuliko tarehe. Vuli kwetu ni kama Oktoba mpaka Desemba na masika ni Machi mpaka Mei, kwahiyo nguvu zenu zote ziwekeni Februari na Septemba, miezi mingine fanyeni kitu chepesi tu. Watu wa mabondeni hawahitaji kuelezwa sana, wengi wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu walikufa na familia zikahamishiwa Mabwepande, na mpaka leo mvua ikikaza pale Jangwani barabara ya Morogoro inafungwa mji unakatika vipande viwili.

Sasa hapa ndo pa kukaa kidogo, kwasababu kazi nyingi za usafi zinafia hapa hapa. Tope. Mkishazibua mtaro mnapata rundo la mchanga, tope, chupa, pampasi, nguo kuukuu, na kwa kawaida linaachwa pembeni ya mtaro likauke, watu wanapiga picha wanaondoka, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Wiki mbili baadaye mtaro uko vile vile na wale waliojitolea wanaona wamepoteza asubuhi yao, ukiwaita tena hawaji na wana haki. Kwahiyo kabla hujatangaza siku, kabla hujaongea na jogging wala nani, jibu kwanza swali la tope linaenda wapi. Ongea na mkandarasi anayezoa taka mtaani kwenu au manispaa kupitia mtendaji, uliza gari litakuja saa ngapi na siku gani, ukipata jibu la kuzungushwa kodisheni kirikuu au guta wenyewe na muulize dereva anaruhusiwa kumwaga wapi, maana dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi na si karibu, kuna madereva watakubali hela yenu alafu wakamwage kwenye korongo la mtaa wa pili, na maji ya huko nayo yanaishia Msimbazi ule ule.

Tenganisheni pia. Mchanga safi wa juu mara nyingi kuna mtu anautaka kujazia uwanja wake, muulizeni mapema. Chupa za plastiki wape vijana wanaookota na kuuza kwa kilo, watakuja wenyewe na viroba vyao na watafanya kazi kuliko mtu yeyote pale. Kinachobaki ndo kipande cha kubebwa na gari, na kinakuwa kidogo kuliko mlivyodhani. Msichome. Najua ni rahisi lakini moshi wa plastiki unaingia kwenye vyumba vya watu wenye watoto wachanga.

Na mchukue kipande kifupi. Mtaro wote hamuwezi asubuhi moja, chukueni kutoka daraja moja mpaka lingine mkimalize kabisa, maji yaonekane yanatembea kabla ya saa nne jua halijawaka. Mtu akiona maji yanatembea anarudi mwenyewe mwezi ujao bila kuitwa. Kama mnabishana wapi pameziba sana, kuna ramani za bure za Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi walipita maeneo yanayofurika wakachora mitaro, njia na nyumba, kazi yao imewekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, unaweza kuchapa mtaa wako kwenye karatasi ukabandika ofisi ya mtaa watu wakaweka alama na kalamu.

Usalama, kwa haraka: glovu nene na gambuti kwa wote wanaoingia mtaroni, ambaye hana abaki juu akifagia au kugawa maji. Mtaroni kuna chupa zilizovunjika na sindano, na mtu akichomwa au kukatwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, pepopunda si mchezo. Watoto wasiingie kabisa. Maji ya kunawa na sabuni yawepo kabla chai haijafika.

Hela. Kama kuna mchango wowote, hata wa buku buku, namba iwe ya mtu mwenye kikundi nyuma yake, kwa mfano mweka hazina wa kikoba, na jioni ile ile iandikwe kwenye grupu la mtaa: zimeingia kiasi hiki, kirikuu kiasi hiki, chai kiasi hiki, zimebaki hizi. Isingoje kesho. Kwa uzoefu wangu watu wa mtaani hawagombani kwasababu ya hela kidogo, wanagombana kwasababu ya ukimya.

Mkishazoeana kwenye mtaro, siku ya kuchangia damu inakuwa rahisi sana kwasababu watu ni wale wale. Mpango wa Taifa wa Damu Salama wanapokea maombi ya vikundi, wanakuja na vitanda na wataalamu wao, nyie kazi yenu ni sehemu yenye kivuli, maji, na watu walioahidi kweli. Waambieni mapema masharti ili mtu asipange foleni bure, awe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, awe amekula, mwanaume anaweza kurudia kila miezi 3 na mwanamke kila miezi 4. Jogging wengi wanafaa, ila siku hiyo wasikimbie kwanza.

Vifaa mkishavinunua msivihifadhi nyumbani kwa mtu. Viwekwe ofisi ya serikali ya mtaa au stoo ya msikiti au kanisa, na daftari la kuandika nani kaazima chepe na lini karudisha, maana katikati ya mwezi kuna misiba na kuna watu wanajenga, wataazima tu, na waazime.