Wadogo zangu wa fildi, chomoeni diski kabla ya kupiga windo

Jana nimepita chumba cha uhasibu nikamkuta kijana wetu anapiga windo, yaani anaweka Windows, kompyuta ya tatu, mbili za mwanzo kaziacha bila antivairasi "isitusumbue kaka", na diski ya nje yenye bakapu, yaani nakala za akiba, ya ofisi nzima imechomekwa pale pembeni inapepesa taa. Nimelala vibaya, ndo maana naandika.

1. Bakapu ikiisha, diski inachomolewa inafungiwa kabatini. Hii imenikuta mimi. Tulikuwa tunatoka Windows 7, ofisi moja hapa hapa Mtwara, kazi yetu malipo ya wakulima wa korosho, na msimu ukishafunguliwa nani atakupa mashine mchana, unafanya usiku. Mashine kumi na moja, leseni hazijanunuliwa, nikachukua aktiveta, yaani kraki ya kuidanganya windo kwamba ina leseni, kwenye flashi ya rafiki, ikasema zima antivairasi kwanza, nikazima. Saa saba usiku kila kitu kimekubali, nikarudi zangu Shangani kulala.

Asubuhi mhasibu kanipigia, "Mdogo wangu, mbona mafaili yamebadilika majina?" Nafika, kila folda ina ujumbe wa kudai bitcoin, pesa ya mtandaoni, ndio mafaili yafunguliwe. Diski ya bakapu bado iko kwenye mashine yake, taa inawaka inazima, inawaka inazima, na mimi nimesimama naiangalia tu mpaka akili iliporudi nikaichomoa. Ilishaliwa. Vairasi wa aina hii anafunga chochote ambacho mashine inakiona, diski ya E, diski ya F, folda za kushea, hachagui.

Barazani wazee wameshakaa na risiti zao za ghalani. Mmoja katoka Nanyamba na gari la alfajiri, akaniuliza, "Mwanangu, umeme umekatika?" Nikamjibu ndio babu, umeme. Uongo ule unaniuma mpaka leo kuliko yale mafaili. Tumeingiza upya kutoka kwenye makaratasi siku kumi na sita, dada wa masijala anasoma namba mimi nachapa, na yule babu karudi mara tatu.

2. Kraki hapana. Leseni hakuna? Muandikie bosi. Windo isiyo na leseni itakuwekea maandishi kwenye kona ya skrini, yaache yakae.

3. Hizo flashi zenu zina windo ya miaka mingapi? Ukimaliza, piga apudeti kwa intaneti ya simu yako kwanza ndio uchomeke waya wa ofisi. WannaCry, vairasi wa aina hii hii wa Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishalitolea kiraka Machi mwaka huo huo, ila mashine kibao duniani hazikuwekewa.

4. Windows 10 iliisha muda wake, yaani Microsoft waliacha kuitolea viraka vya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, wakati huku tunahangaika na magunia. Ile mashine ya stoo "inayoprinti tu" nayo inahesabika jamani, itoeni kwenye netiweki.

5. Akaunti ya admini uliyofungua kwa ajili ya kazi, ifute. Na pasiwedi ya Korosho123 nimeikuta sehemu mbili, sitaki kuikuta ya tatu.

6. Ukiona majina ya mafaili yanabadilika, chomoa waya wa netiweki na uzime waifai, halafu nipigie, hata iwe saa nane usiku.

Na wewe wa jana, diski iko kwenye droo yangu. Njoo kesho saa mbili tukae turudishe faili moja moja mpaka nione zinafunguka, chai ipo.