Kabla Hujanunua Bitcoin au Dhahabu, Mjue Utakayemuuzia

Juni 2022 mama yangu aliugua ghafla, tukamkimbiza kutoka Kakamega hadi hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisumu. Saa nne usiku mapokezi wakataka dipoziti ya shilingi 40,000 kabla mgonjwa hajapewa kitanda. Nilikuwa na bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyotolewa na serikali yoyote, kwenye simu, na gramu nne za dhahabu ndani ya kichupa cha dawa kabatini nyumbani. Usiku ule havikunifaa, si hiki wala kile.

Naandika kwa sababu mtoto wa kaka yangu, anayeniita senje, yaani shangazi, ananiuliza atie wapi akiba yake, na kila tukikutana nyumbani Ikolomani yeye na mjomba wanabishana hadi chai inapoa. Kijana anasema bitcoin. Mjomba anasema dhahabu. Wanakubaliana jambo moja tu, kwamba benki hawaziamini, na mjomba ana sababu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu nchini Kenya ziliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama, na kiinua mgongo chake kilikuwa ndani ya mojawapo. Wakati huo bima ya amana ilimlinda mteja hadi shilingi 100,000 peke yake. Kiwango cha 500,000 kilikuja 2020. Alikaa miaka akifuatilia pesa zake mwenyewe. Sitamwambia asiwe na uchungu.

Tena kwetu dhahabu si habari ya kusoma gazetini. Watu walimiminika Kakamega kuitafuta tangu 1931, na kuka, babu yangu, alifanya kazi chini ya ardhi pale Rosterman, mgodi uliofungwa 1952. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili dhahabu ichimbwe bila mwenye shamba kupewa ardhi nyingine. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa akiisimulia hadithi hiyo huku ameangalia pembeni. Mjomba ametoka nayo na somo lake: karatasi ya serikali hubadilishwa na serikali, lakini dhahabu mkononi ni dhahabu.

Kijana naye amesoma. Anamjibu kwamba Marekani, mwaka 1933, Rais Roosevelt aliwaamuru wananchi wasalimishe dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa aunsi, yaani gramu 31 hivi, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha bei hadi dola 35. "Mjomba, hata ya mkononi ilichukuliwa," anasema. Kisha anaingia kwake: bitcoin ilianza Januari 2009, haitazidi milioni 21, na hakuna gavana wa benki kuu wa kuamka asubuhi akaongeza nyingine.

Wote wawili wanasema kweli. Ila sijawahi kumsikia hata mmoja akitaja siku ya kuuza.

Bitcoin niliinunua Novemba 2021 kwa shilingi 40,000, bei ikiwa juu ya dola 60,000. Mwezi huo huo ilikaribia 69,000, nikajiona nimeshaelewa mambo. Ilipofika ile Juni ya hospitali ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 20,000, kwa hiyo elfu arobaini yangu ilikuwa kama elfu kumi na tatu. Hata hizo nilizitaka. Nikaitangaza kwenye soko la mtu kwa mtu ndani ya programu, nimesimama kwenye korido, mama anapumua kwa shida kwenye benchi. Mnunuzi akajitokeza, pesa ikaingia M-Pesa, lakini jina la aliyetuma halikuwa jina lililoandikwa kwenye akaunti ya mnunuzi.

Mimi ni wakala wa M-Pesa mwaka wa kumi sasa. Najua maana ya jina kutofautiana. Pesa inaweza kuwa imeibwa kwa mtu mwingine, na mwenyewe akilalamika, muamala unazuiwa au kurudishwa, wakati bitcoin uliyoiachilia hairudi kamwe. Nikaghairi, pesa nikairudisha kwa namba ilikotoka. Kilichomlaza mama kitandani ni chama chetu cha kuweka akiba. Mweka hazina aliandika ujumbe mmoja kwenye kundi, na kabla ya saa sita usiku zilikuwa zimeingia 31,000. Kaka akajazia.

Dhahabu niliipeleka mwezi uliofuata kwa sonara mmoja hapo Kisumu, mzee mpole. Niliinunua kwa mchimbaji wa karibu na kwetu, shilingi 6,000 kila gramu, jumla 24,000. Mzee aliiweka kwenye mizani ya kidijitali: gramu 4.00 kamili. Nikafurahi. Akaigeuza chini ya kioo cha kukuzia, akaniuliza, "Mama, hii ilichomwa vizuri?" Wachimbaji wetu hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki ipotee, mara nyingi kwenye kikaango hicho hicho cha jikoni. Ikichomwa haraka, zebaki nyingine hubaki ndani, nawe unailipia kwa bei ya dhahabu.

Akatoka nayo uani, akaniambia nisimame upande upepo unakotoka, akaipiga moto wa gesi. Iling'aa nyekundu, ikatoa moshi mwembamba ambao usingeuona bila kuelekezwa. Aliporudi mizani ilisoma 3.71. Halafu akaisugua kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari wa njano, akadondosha tindikali juu yake na kuulinganisha na mistari ya vipande anavyovijua. Karati 20 hivi, akasema, na dhahabu safi ni karati 24. Nilipiga hesabu palepale kaunta: nimelipia gramu nne, nilichonacho ni gramu tatu na kidogo za dhahabu safi.

Nikamwambia basi ninunulie. Akatikisa kichwa. Dhahabu ghafi isiyo na karatasi hainunui, kwa sababu Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka anayefanya biashara ya madini awe na leseni, na mimi nilikuwa nimenunua kwa neno la mdomo. Sikujua kwamba nimevunja sheria. Ilibidi nirudi hadi kwa kikundi cha wachimbaji chenye vibali, kikaiuza pamoja na yao kwa mnunuzi mwenye leseni. Nilipata 18,000, baada ya wiki tatu.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana watu husikia nusu. Sisemi vitu hivi ni vibaya. Ile bitcoin sikuiuza, na Machi 2024 ilivuka kilele chake cha 2021. Elfu arobaini yangu ilikuwa imepita elfu hamsini. Dhahabu nayo ilipita dola 4,000 kwa aunsi Oktoba 2025. Lakini aliyeinunua Januari 1980 kwa dola 850 alingoja hadi Januari 2008 kuiona bei hiyo tena. Miaka ishirini na minane! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa. Mjomba nikimwambia hili hunyamaza kidogo, kisha anaomba sukari.

Na vyote viwili bei yake iko kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113, Januari 2024 ikafika 160 hivi, kisha ndani ya miezi michache ikarudi karibu 130. Aliyeingia kwa woga dola ikiwa 160 alinunua mali kwa bei ya woga wake. Ukitaka kuingia, ingia kidogo kidogo kila mwezi, kwa pesa ambayo ada ya shule na ugonjwa havitaigusa kwa miaka mitano. Pesa ya dharura iache kwenye sacco au chama, pale inapofika kwa ujumbe mmoja.

Ukichagua dhahabu, usinunue kichupa kama mimi. Pete na mkufu wa dukani vina gharama ya ufundi ambayo siku ya kuuza hailipwi, wanapima uzito na karati basi. Anayetaka bei ya dhahabu bila kuficha kitu kabatini, Soko la Hisa la Nairobi lina hisa zinazofuata bei hiyo tangu 2017. Na mtu akikuonyesha sanduku zima la dhahabu kwa bei ya kutupa, ondoka.

Ukichagua bitcoin, uza kidogo kwanza, hata ya shilingi elfu moja, kabla hujanunua nyingi, ujue njia ya kutokea. Usiamini SMS ya kwamba umelipwa. Angalia salio lako mwenyewe. Sheria ya kusimamia kampuni za mali hizi ilipatikana Oktoba 2025, lakini sheria haikurudishii uliloachilia. Novemba 2022 FTX, soko la mtandaoni la kuuzia na kuwekea sarafu hizi, lilianguka, na waliokuwa wameacha sarafu zao humo wakabaki wakiitazama namba wasiyoweza kuitoa.

Kijana wangu aliposikia hilo alisema yeye yuko salama, ana pochi yake ya bitcoin kwenye simu, na maneno kumi na mawili ya kuirudisha simu ikipotea ameyaandika kwenye karatasi. Nikamuuliza: ukipatwa na jambo leo, nani anajua ilipo? Akanyamaza. Jumamosi alikuja na mkewe. Karatasi ilikuwa ndani ya bahasha ya khaki, imekunjwa mara mbili, na neno la saba lilikuwa limelowa halisomeki.

"Senje," akasema, "ngoja nifungue simu kabla haijazima."

Mkewe akamshikia kalamu.