Wasomaji Wanauliza: Bingo ya Vitenzi kwa Wanafunzi 84

SWALI: Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, wanafunzi 84, watatu kila dawati. Nikileta mchezo, wachache hodari ndio wanaocheza, wengine wanapiga soga kwa Kiswahili. Niachane nao?
Mwalimu, Singida

JIBU: Usiache, mwalimu, ila punguza kundi. Watu wanane wakipewa karatasi moja, wawili huandika na sita hutazama. Dawati moja liwe kundi moja.

Anza na bingo ya wakati uliopita, yaani mchezo wa kufunika visanduku vyenye maneno yanayosomwa. Andika ubaoni vitenzi 16 visivyofuata kanuni, kama go, buy, catch, teach. Kila dawati lichore visanduku 9, lichague vitenzi 9 na kuandika umbo la wakati uliopita: went, bought, caught. Kisha madawati yabadilishane karatasi na kusahihishana kwa dakika tatu. Hapo ndipo penye somo. Ukiparuka, “buyed” itaibuka mshindi na kupigiwa makofi.

Futa ubao. Chomoa kwenye kopo vikaratasi vyenye vitenzi hivyo 16, kimoja kimoja, soma “buy” mara mbili, na wenye bought waweke punje ya mahindi. Wakikata kwa kalamu, karatasi haitafaa tena.

Usikubali mstari wa visanduku vitatu uwe ushindi. Kwa madawati 28, mara nyingi mstari hukamilika kwenye kitenzi cha nne au cha tano, na mchezo umekwisha kabla haujanoga. Dai visanduku vyote 9. Mshindi wa kwanza hupatikana karibu na kitenzi cha 12 au 13. Hata hivyo hajashinda bado: kila mmoja wa wale watatu atunge sentensi kwa kitenzi utakachomchagulia. Mmoja akikosea, endelea kusoma. Hodari atalazimika kuwafundisha wenzake.

Kuhusu Kiswahili: eleza sheria kwa Kiswahili, dakika mbili zinatosha. Wanafunzi hukimbilia Kiswahili kwa sababu hawana maneno ya kuchezea. Waandikie pembeni mwa ubao “Say it again, please”, “Is this correct?” na “We have finished”, wayarudie kabla ya kuanza, na usiyafute. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili hakumpi hata neno moja kati ya hayo.

SWALI: Mchezo gani wa kusikiliza hauhitaji vifaa?

JIBU: Wawili wapeane migongo. Mmoja anaeleza mchoro wenye vitu vitano, mwenzake anachora: “The cup is under the table.” Fundisha under, behind na next to kwanza. Baada ya dakika tano wabadilishane zamu kwa mchoro mpya, la sivyo wa pili atachora alichokwisha kukiona.