Mwanangu, kofia usiwagawie watu

Mwanangu, ujumbe wako nimeuona, eti bosi wenu hapo Iringa kataka mjadili kwa zile kofia sita za kufikiria, yaani kila rangi ni namna moja ya kulitazama jambo, na we ndo msimamizi, unauliza umpe nani rangi ipi. Usimpe mtu rangi yake peke yake. Ukimwambia fulani we ni nyeusi, ile ya kutafuta hatari, yule anayepinga kila kikao umempa kibali apinge mpaka jioni. Edward de Bono, yule daktari wa Malta aliyeziandika 1985, alitaka wote mvae rangi moja kwa pamoja, mkimaliza mnavua wote mnahamia nyingine.

Sisi kikundi cha parachichi huku Rungwe tulizitumia tulipokuwa tunabishana tumuuzie dalali shambani au tukusanye mzigo tutafute mnunuzi wenyewe. Nyeupe kwanza, yaani tunajua nini kwa uhakika, kilo ngapi, bei gani, ikaonekana wote tunahesabu kwa ndoo hakuna anayejua kilo zake, nusu ya ubishi ikafa hapohapo. Nyekundu fupi tu, mtu anasema moyo wake unasemaje na haulizwi kwa nini, mama mmoja akasema mi yule dalali simpendi basi, tukaendelea. Ukiiruka hiyo, chuki itaingia kwenye hoja ikijifanya hesabu.

Njano, ile ya kutafuta faida, tukaiweka kabla ya nyeusi, mana watu wetu kwa kuona ubaya ni wepesi mno, wazo linakufa halijasimama. Kuna mzee mpinzani sugu, kwenye njano ilibidi naye atafute faida, kakuna kichwa weee, mwisho akasema tukiwa na mzani wetu hata dalali akija hatupunji. Ndo nyeusi ikaja na la maana, kwamba mtu akichuma parachichi aina ya Hass ikiwa changa inanyauka badala ya kuiva na mnunuzi anakataa mzigo wote. Kwenye kijani, ile ya mawazo mapya, tukapata dawa yake, watu wawili wapite kila shamba kukagua kabla ya kuchuma.

Bluu peke yake ndo yako we msimamizi, kushika saa na kutaja rangi, sio kuchomekea maoni yako kila dakika, nakujua. Jambo dogo nyeupe na nyeusi zinatosha, sio lazima zote. Na bosi kwenye nyekundu aongee wa mwisho, akianza yeye wote mioyo yao itasema kama wake.

Mama yako