Maswali Yenu: Tamu Chumbani, Chungu Jukwaani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu chombo kimoja, yaani ile pedali ya kidijitali ya gitaa inayobeba efekti nyingi, yaani vikorombwezo vya kubadili sauti, ndani ya boksi moja. Tumechagua tano, na tumezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, nina pedali ya efekti nyingi kwa miezi mitatu sasa. Nikipiga usiku kwa hedifoni, sauti ni nene na inajaza masikio. Nikiichomeka kwenye amplifaya ya gitaa wakati wa mazoezi, sauti hiyo hiyo inaziba, kama mtu anayezungumza huku amejifunika blanketi. Amplifaya haina kasoro, maana mwenzangu akichomeka gitaa lake moja kwa moja linalia vizuri. Je, nimeuziwa mashine mbovu? — *Msomaji mwenye mashaka*

JIBU: Mashine yako ni nzima, ndugu yangu. Kilichotokea ni kwamba sauti yako imevalishwa koti juu ya koti.

Spika ya amplifaya ya gitaa, ambayo mara nyingi ina upana wa inchi 12, haikutengenezwa ili itoe kila kitu inacholetewa. Ikifika kwenye masafa ya Hz 5,000 hivi (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), nguvu yake huanza kuporomoka haraka, na upungufu huo ndio unaoipa gitaa la umeme sauti tuliyoizoea. Hedifoni na spika kubwa za ukumbini hazina tabia hiyo, kwa sababu zimeundwa zitoe sauti za chini na za juu kwa usawa. Kwa hiyo watengenezaji wa pedali hizi huweka ndani yake vitu vitatu vya kuiga, yaani amplifaya, kabati la spika, na maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya kabati hilo. Unapopiga kwa hedifoni unavihitaji vyote vitatu. Unapochomeka kwenye amplifaya halisi, kabati la kuigwa linachuja sauti za juu, halafu kabati la kweli linazichuja tena, na hapo ndipo blanketi linapotokea.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na ni baya zaidi. Mtu akizima kabati la kuigwa kisha akapeleka distosheni, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi, moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi (mashine ya kuchanganyia sauti), atasikia nyuki waliofungiwa kwenye kopo, kwa kuwa distosheni huzaa sauti nyingi za juu ambazo spika ya gitaa ingezificha.

Fungua sehemu ya mipangilio ya kutolea sauti katika mashine yako, ambayo wengi hawaigusi tangu siku ya kwanza, uiambie sauti inakwenda wapi. Ikiwa inakwenda kwenye mikisa au hedifoni, acha amplifaya na kabati vya kuigwa vifanye kazi. Ikiwa unachomeka kwenye tundu la mbele la amplifaya, lile la gitaa, zima vyote viwili, na ubaki na ovadraivu (mkwaruzo mwepesi), mwangwi na vikorombwezo vingine tu, kwa maana amplifaya iliyo mbele yako ndiyo itakayotoa tabia yake. Amplifaya nyingi pia zina matundu mawili nyuma, moja la kupeleka sauti kwenye efekti na jingine la kuirudisha. Ukichomeka kwenye lile la kurudishia, unaruka hatua ya kwanza ya ukuzaji, hivyo unaweza kuacha amplifaya ya kuigwa ikiwa imewashwa na kuzima kabati peke yake. Kwa pedali za aina hii, mimi hulipenda tundu hilo kuliko la mbele, kwa sababu rangi ya amplifaya ya mwenyeji huingilia kidogo sana.

Hifadhi kila sauti yako mara mbili, moja ya kupigia kwenye amplifaya na nyingine ya kwenda kwenye mikisa, na uzipe majina yasiyofanana.

SWALI: Nilikaa wiki nzima nikitengeneza sauti ya solo chumbani. Ilikuwa tamu mno. Siku ya onyesho wenzangu wakasema hawanisikii, na wakati huo huo fundi mitambo akalalamika kwamba nanguruma. Inawezekanaje mtu asisikike na bado apige kelele? — *Mpiga solo aliyepotea*

JIBU: Inawezekana kabisa, na chanzo chake ni sikio lako kabla ya kuwa mashine yako. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupungukiwa uwezo wa kusikia besi kuliko sauti za kati, na sauti za juu kabisa nazo hufifia. Chumbani ulikuwa ukipiga kwa sauti ndogo ili usiwaamshe watu. Sikio likalalamika kwamba sauti ni nyembamba, nawe ukaongeza besi, ukaongeza sauti za juu, na sauti za kati, ambazo zilionekana kukera, ukazipunguza. Ulipofika jukwaani na sauti ikapandishwa, sikio likaanza kusikia besi yote uliyoilundika.

Sasa fikiria walio karibu nawe. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa Hz 41, na ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu iko katika ujirani huo. Uzi mnene wa gitaa lako hutoa Hz 82. Huko chini una majirani wawili wenye nguvu kuliko wewe, na huko juu kuna matoazi. Makao ya gitaa yako katikati, tuseme kati ya Hz 400 na 3,000, na wewe umeyahama mwenyewe.

Weka ikwalaiza, kile kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti za chini, za kati na za juu, baada ya kabati la kuigwa. Kata kila kilicho chini ya Hz 90 au hata 100, kisha kata kilicho juu ya Hz 6,000 hivi. Rudisha sauti za kati hadi uone aibu kidogo. Ukiipiga sauti hiyo peke yako utaiona nyembamba na haina raha, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa kujizuia na kurudisha besi. Usiirudishe. Subiri bendi ianze, ndipo uhukumu. Ikiwa huna bendi karibu, cheza muziki uliorekodiwa kwenye spika, na upige juu yake kwa sauti inayokaribia ile ya jukwaani.

Kuhusu solo, nadhani uliongeza gaini, ile nobu ya kuzidisha ukali, ukitumaini utasikika zaidi. Gaini ikishakuwa nyingi haiongezi ukubwa wa sauti, bali huikamua, na noti ya nguvu na noti hafifu zikawa na kimo kimoja. Unachohitaji ni kiongeza sauti kilichowekwa mwishoni mwa mnyororo wa efekti, baada ya amplifaya ya kuigwa, chenye desibeli 3 au 4 tu. Angalia pia taa au mstari unaoonyesha kiwango cha kutoka, kwa sababu mashine ya kidijitali ikifika ukomo wake hukata sauti kikatili, na mkato huo haufanani kabisa na ukali mtamu wa amplifaya iliyokazwa.

SWALI: Mashine yangu imekuja na sauti zaidi ya 100 za kiwandani. Nimezipitia zote na sijapata hata tatu za kutumia. Nianzie wapi? — *Mchovu wa kubonyeza*

JIBU: Anzia kwenye nafasi tupu. Sauti za kiwandani hutengenezwa ili zimvutie mtu anayejaribu mashine kwa dakika tano, akiwa peke yake, na ndiyo maana nyingi zimejaa mwangwi kama pango. Tena aliyezitengeneza hakuwa na gitaa lako. Pikapu zako (nazungumzia zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, si gari la mizigo) zinaweza kuwa na nguvu mara mbili ya zake au nusu yake, na hilo peke yake linatosha kuharibu kila kipimo alichokiweka.

Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe. Nazima kila kitu, nawasha amplifaya moja ya kuigwa na kabati lake, na nobu zote naziweka katikati, isipokuwa gaini ambayo naishusha hadi 3 kati ya 10. Nobu ya sauti ya gitaa lenyewe naifungua yote. Halafu napiga kodi ya E iliyo wazi (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), nyuzi zote sita, naiacha ilie hadi ife. Sikio langu linatafuta uzi wa tatu, ule uliobanwa kwenye freti ya kwanza (kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa), ambao ndio unaotoa noti ya G kali. Noti hiyo ndiyo inayoifanya kodi iwe ya furaha, na ndiyo ya kwanza kuzama distosheni inapozidi. Napandisha gaini kidogo kidogo, nikipiga tena na tena, hadi noti hiyo ianze kuchafuka, kisha narudi nyuma hatua moja. Mara nyingi nobu husimama mahali pa chini kuliko nilivyotarajia, na kila mara mkono wangu hutamani kuipandisha.

Kabla ya kugusa ikwalaiza, nabadilisha kabati. Wengi hubadilisha amplifaya ishirini na kabati wakaliacha lile lile, ilhali kabati na maikrofoni ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya rangi ya sauti. Ikiwa mashine inakuruhusu kusogeza maikrofoni ya kuigwa, itoe kwenye kitovu cha spika uipeleke pembeni. Ule ukali unaochoma sikio utapungua bila kukata chochote, jambo ambalo mafundi wa studio hulifanya kwa maikrofoni halisi kama Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965 na ambayo mashine nyingi huiiga.

Baada ya hapo ndipo naongeza vikorombwezo, na mpangilio wake una sababu. Wawa (efekti inayoifanya noti ilie kama mtu anayesema "wa-wa") na kompresa (inayosawazisha noti kubwa na ndogo) hukaa mbele ya amplifaya, wakati mwangwi wa kurudia na mwangwi wa chumba hukaa nyuma yake, kwa sababu mwangwi ukiingia kwenye distosheni, noti iliyopita na noti mpya husagwa pamoja na kutoa uji. Mwangwi wa kurudia usiukadirie kwa kubahatisha. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, upate milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, na robo tatu yake, yaani 375, hutoa ule mwangwi unaorukaruka kati ya mapigo. Mashine nyingi zina swichi ya kugonga kwa mguu inayofanya hesabu hiyo, lakini mguu wenye wasiwasi hugonga vibaya.

Tengeneza sauti tatu tu kwa njia hii: safi, ya ukali wa wastani, na ya solo. Kisha zisawazishe ukubwa wake kwa kuruka kutoka moja hadi nyingine ukipiga kodi ile ile.

SWALI: Pedali yangu inavuma hata nisipopiga. Nimeambiwa niweke geti la kelele, lakini sasa noti ndefu zinakatika ghafla. — *Msomaji*

JIBU: Geti la kelele ni mlango unaojifunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, na mlango hauponyi ugonjwa ulio ndani ya nyumba. Kwanza geuka na gitaa lako mkononi. Ikiwa mvumo unapungua ukielekea upande fulani, basi pikapu zako, hasa zikiwa za koili moja (msokoto mmoja wa waya), zinadaka mvumo wa umeme wa nyumba, ambao ni Hz 50 au 60 kutegemea nchi. Kaa mbali na adapta na skrini. Ikiwa haupungui, tazama adapta ya pedali yenyewe. Nyingi hutumia volti 9 na ncha hasi ikiwa katikati, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vingine, na miliampea zake zisipungue zile zilizoandikwa kwenye mashine, ingawa zikizidi hazina madhara. Mimi niliwahi kuazima adapta yenye volti sahihi na miliampea pungufu. Taa ziliwaka vizuri, nikaridhika, na katikati ya wimbo wa pili mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe mbele ya watu.

Geti ukilihitaji bado, liweke mwanzoni kabla ya gaini, na ushushe kiwango chake hadi liwe linafunga mvumo tu.

SWALI: Rafiki yangu anasema mashine za kidijitali huchelewesha sauti, hivyo mpiga gitaa wa kweli hawezi kuzitumia. Ni kweli? — *Mbishi*

JIBU: Ucheleweshaji upo, kwa kawaida wa milisekunde chache. Lakini sauti angani hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita moja, kwa hiyo rafiki yako akisimama mita mbili kutoka kwenye amplifaya yake amekwisha kucheleweshwa milisekunde 6, na sijasikia akiilaumu hewa. Tofauti na amplifaya ya lampu, ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, huhisiwa zaidi mkononi, unaposhusha nobu ya gitaa na kuona jinsi ukali unavyolainika. Mashine nyingine hulifanya hilo vizuri, nyingine vibaya, na hilo ndilo jambo la kujaribu kabla ya kununua. Nenda na gitaa lako mwenyewe na kebo yako mwenyewe.